Usukani Umelegea, Gari Linatangatanga: Jinsi ya Kujua Tatizo Liko Wapi

Gari la zamani likianza kutangatanga, mwenye gari ndiye anayejua mwisho. Ulegevu hauji kwa siku moja, na mikono inajizoesha: kidogo kushoto, kidogo kulia, safari nzima, bila hata kufikiri. Mpaka siku mtu anaazima gari, anarudi amekunja uso na kuuliza, "Hivi hili unaliendeshaje?"

Kazi yangu ni ya chini ya gari: bushi (mipira ya kwenye maungio), boljointi (viungo vya duara vinavyobeba gurudumu), tairodi (fito zinazogeuza magurudumu), shokapu, stelingi (mfumo wa usukani). Kinachoniuma kuliko vyote ni kuletewa gari lenye vipuri vipya kila mahali na bado linayumba. Mwenyewe aliambiwa tairodi zimekufa, akabadilisha. Akaambiwa basi itakuwa raki, lile fito lenye meno linalopeleka nguvu ya usukani kwenye tairodi, akanunua raki. Fedha imekwisha, gari liko vilevile, kwa sababu hakuna aliyelala chini akaangalia kabla ya kutaja kipuri. Na kuyumba ni ugonjwa unaoonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Ukiwa na tochi, jeki, stendi mbili, mtarimbo, futi ya kupimia na mtu mmoja wa kukusaidia, unaweza kujua kipi kimekufa kabla hujatoa hata senti.

Kwanza sikiliza gari linasemaje

Watu huchanganya malalamiko matatu. Gari linalovuta upande mmoja siku zote, ukiachia usukani linakwenda kulia tu, mara nyingi shida yake ni tairi, breki inayoshika au alaimenti (mpangilio wa mwelekeo wa magurudumu). Gari linalotetemesha usukani kwenye mwendo fulani, anza na balansi ya magurudumu na ringi zilizopinda. Gari linaloyumba ni jambo la tatu: linakwenda kushoto sasa hivi, kulia baadaye, na unapolirudisha halijibu papo hapo, kisha linajibu kuliko ulivyotaka.

Na kuyumba kwenyewe kuna asili mbili zinazopingana, na hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Gari huyumba kwa sababu kitu kimelegea, au kwa sababu kitu kimekaza. Cha kulegea kila mtu anakitafuta. Cha kukaza karibu hakuna anayekifikiria, maana usukani wenyewe unaonekana mzima, hauna hata nafasi ya kucheza. Lakini boljointi iliyokauka grisi inazuia magurudumu yasijirudishe katikati. Unageuza kidogo, yanabaki pale ulipoyaacha. Unarudisha, yanapita katikati na kubaki upande wa pili. Dereva anaona gari linatangatanga, kumbe linafuata kila lilichoambiwa na halirudi lenyewe.

Kwa hiyo kabla ya jeki, nenda barabara iliyonyooka, isiyo na magari, mwendo wa wastani. Sogeza usukani polepole kutoka katikati. Ukisikia sehemu tupu, mkono unasogea na gari halijibu, andika ulegevu. Kisha pinda kona ya kawaida, na unapotoka legeza mikono bila kuuachia usukani. Ukirudi wenyewe, vizuri. Ukibaki pale ulipo, andika kukaza, au kasta (mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu) imepungua. Halafu, ukiwa umenyoosha, kanyaga mafuta, kisha achia ghafla. Gari likisogea upande ukikanyaga na upande wa pili ukiachia, acha kabisa kufikiria stelingi. Hiyo ni bushi ya nyuma, au ekseli ya nyuma inayohama. Likihama ukigusa breki, bushi za wishiboni za mbele (ile mikono inayoshikilia magurudumu kwenye fremu) ndizo za kwanza kushukiwa.

Barabara yenyewe nayo ina maneno yake. Ikiwa na mifereji iliyochimbwa na malori, tairi pana hufuata mifereji hiyo hata kwenye gari lisilo na kosa. Jaribu sehemu mbili tofauti kabla hujahukumu.

Tairi, kabla ya kitu chochote

Pima upepo matairi yakiwa baridi, na ufuate kibandiko cha kiwanda. Mara nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na magari mengi madogo huwa kati ya psi 28 na 36. Usisome namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kile ni kikomo cha tairi, hakihusiani na gari lako. Tairi lenye upepo mdogo, hasa ya nyuma, hulegeza gari zima: ubavu wa tairi unajipinda kwanza, ndipo gari lifuate. Nimeona watu wakilala chini ya gari mchana kutwa wakati nyuma kulikuwa na psi 18.

Soma umri pia. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi iliyozeeka inakakamaa hata kama kashata (meno ya tairi) bado ziko juu. Kisha pitisha kiganja juu ya kashata, kutoka nje kwenda ndani na kurudi. Ukikuta mkono ukienda upande mmoja unateleza na ukirudi unakwaruza kama meno ya msumeno, matairi hayaelekei mbele sawasawa. Alama hiyo itakusaidia mwishoni, iandike.

Na kama mbele kuna tairi za aina mbili tofauti, kushoto hii na kulia ile, usiendelee na uchunguzi mpaka uziondoe. Zinadanganya.

Kipimo chenye thamani kuliko vyote: gari likiwa chini

Mafundi wengi hukimbilia kuinua gari na kutikisa gurudumu. Kipimo hicho kina kazi yake, tutakifikia. Lakini ulegevu mwingi wa stelingi unaonekana vizuri zaidi magurudumu yakiwa chini, yamebeba uzito, kwa sababu tairi inashikilia ardhi na kila kiungo kinalazimika kuonyesha udhaifu wake.

Weka gari sakafu ngumu, magurudumu yakiwa yamenyooka. Vuta breki ya mkono, weka kabari mbele na nyuma ya tairi la nyuma. Kama stelingi ni ya hidroliki, washa injini. Hii ni muhimu: ndani ya vali ya stelingi kuna chuma chembamba kinachojipinda, na injini ikiwa imezimwa kinakupa mchezo ambao si uchakavu. Raki nzima nyingi zimehukumiwa kwa sababu hiyo. Msaidizi akae kwenye kiti, asiguse gia, asukume usukani kushoto na kulia kidogo tu, kiasi cha upana wa viganja viwili, bila kusimama. Wewe angalia chini, mikono mbali na feni, mikanda na ekzosi.

Kwanza pima pale usukanini. Weka futi kwenye ukingo wake na uone unasogea kiasi gani kabla tairi halijaanza kusogea. Vitabu vingi vya ufundi vya magari madogo huweka kikomo cha milimita 30. Kwenye gari lenye raki isiyochakaa, mchezo huo utaupata mdogo sana. Gari lenye boksi la stelingi la zamani badala ya raki lina zaidi, kwa asili yake.

Sasa fuata njia ya nguvu kutoka usukanini mpaka tairini, kiungo kwa kiungo. Popote utakapokuta upande mmoja unasogea na wa pili umesubiri, umefika.

Anzia kwenye mhimili wa usukani, miguuni kwa dereva. Kuna jointi yenye msalaba, au kapulingi ya mpira kwenye magari ya zamani zaidi. Weka vidole juu yake, nusu huku nusu kule. Jointi iliyokufa utaisikia ikigonga kidogo kabla ya upande wa pili kuzunguka. Mpira wa kapulingi ukipasuka unaonekana, na ukilowa mafuta unalainika na kuvimba.

Shuka kwenye raki. Hapa tulia, maana hapa ndipo gharama kubwa zinapofanyika bila sababu. Raki imefungwa kwenye fremu kwa vishikizo vyenye bushi za mpira. Wengi huangalia ncha zake tu. Angalia mwili wake mzima ukilinganisha na fremu. Niliwahi kuletewa gari ambalo karakana moja ilikuwa imeagiza raki nyingine kabisa. Nikalala chini, msaidizi akaanza kusukuma, na raki yote ikawa inakwenda kushoto na kulia kama droo ya meza, kisha ndipo tairodi zinaanza kazi. Mafuta ya injini yalikuwa yamevuja juu ya bushi kwa muda mrefu, mpira umekuwa laini, unabonyea kwa kucha. Bushi mbili na sili ya injini iliyokuwa ikivujisha, basi. Raki ilikuwa nzima.

Raki ikiwa imetulia, shika buti la kila upande, lile kava la mpira lenye mikunjo. Ukilibana kwa vidole utaisikia rakendi (kiungo cha kati ya raki na tairodi) ndani yake. Ikigonga, imekwisha. Buti lililopasuka ni taarifa tosha kwamba mchanga na maji vimeingia, hata kama haijagonga bado.

Kisha tairodi, ile ya mwisho inayoingia kwenye nako ya gurudumu, kile chuma kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo. Weka kidole gumba juu ya mahali kikombe chake kinapokutana na mkono wa nako. Kwa kuangalia tu, mara nyingi huoni kitu. Kwa kidole utasikia kikombe kinapanda kidogo, unene wa karatasi nzito tu, kisha tairi ndiyo inageuka. Huo unene wa karatasi ndio unaoyumbisha gari kwenye mwendo. Tairodi nzima inazunguka kwenye kikombe chake, haipandi wala haishuki.

Kwa magari yenye boksi la stelingi, njia ni ndefu zaidi: boksi, pitimani (mkono unaotoka kwenye boksi), fito la katikati, aidla (mkono unaoshikilia fito hilo) upande wa pili, tairodi. Aidla ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ikifa, fito la katikati linapanda na kushuka kila usukani unapogeuka, na kupanda huko peke yake kunageuza magurudumu. Angalia pia boksi lenyewe lilivyofungwa kwenye fremu: nati zilizolegea, au fremu iliyopasuka kuzunguka bolti.

Halafu kuna ile skrubu yenye nati ya kufungia juu ya boksi. Inavutia sana, maana robo mzunguko tu na ulegevu unapungua. Nakusihi uiache mpaka viungo vyote vingine vithibitishwe kuwa vizima. Meno ya boksi yametengenezwa kubana zaidi katikati, na katikati ndiko kunakochakaa. Ukiibana hapo mpaka ulegevu uishe wote, usukani utakwama ukiwa kwenye kona, na utakuwa umegeuza gari lililolegea kuwa gari lililokaza. Kama ni lazima, kaza kidogo sana, kisha geuza usukani wote mpaka mwisho kushoto na kulia, magurudumu yakiwa hewani. Ukisikia kizito mahali popote, rudisha.

Sasa inua gari

Jeki ni ya kuinulia, stendi ndiyo ya kubeba. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde chache.

Shika tairi saa tatu na saa tisa (ubavu mmoja na mwingine, kama kwenye uso wa saa), sukuma na vuta. Kinachocheza hapo ni stelingi, ambayo umeshaiona, au beringi. Kisha shika saa sita na saa kumi na mbili (juu na chini). Kikicheza, mwambie msaidizi akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu, kwa sababu breki imeshikanisha habu (kitovu cha gurudumu) na nako. Ukibaki, ni boljointi, au kingipini (pini ya kugeuzia gurudumu) kwa magari yenye ekseli ya kipande kimoja mbele.

Kwa boljointi kuna jambo la kujua, la sivyo iliyokufa itajificha. Angalia springi imekalia wapi. Ikiwa imekalia wishiboni ya chini, weka jeki chini ya wishiboni hiyo, karibu na gurudumu, ili boljointi ya chini ipumzike. Ukiinua gari kwa fremu, springi inaendelea kuibana na hutasikia kitu. Kwa gari la MacPherson, springi na shokapu ziko pamoja juu, kwa hiyo inua kwa bodi na uache gurudumu lining'inie. Kisha ingiza mtarimbo chini ya tairi na uinue taratibu huku macho yako yakiwa kwenye boljointi. Ikionekana kupanda ndani ya kikombe chake, gari hilo lisitembee tena mpaka ibadilishwe. Boljointi ikichomoka barabarani, gurudumu linalala.

Kwa bushi za wishiboni, tumia mtarimbo kusukuma wishiboni mbele na nyuma. Bushi kubwa ya nyuma ya wishiboni ndiyo hufa kwanza kwenye magari mengi. Mpira utapinda kidogo, hiyo ni kawaida. Lakini mpira huo usiachane na chuma, wala usionyeshe mpasuko unaofunguka.

Gari likiwa bado juu, pima na kule kukaza. Zima injini, geuza usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Unatakiwa uende sawasawa, bila kigumu katikati. Ukikuta kigumu, chomoa tairodi moja kutoka kwenye nako na ugeuze gurudumu kwa mkono, kisha la pili. Utajua ugumu uko kwenye gurudumu gani au uko kwenye raki. Kwa MacPherson, shusha gari, weka mkono juu ya springi na mwambie msaidizi ageuze. Springi ikijikunja kisha ikaruka, beringi ya juu ya strati (ule muungano wa springi na shokapu) imekwama. Kifaa kidogo, na kinaharibu uendeshaji kuliko tairodi iliyochakaa.

Nyuma kunasahaulika

Magurudumu ya nyuma nayo huelekeza gari. Yakigeuka hata kidogo, mbele inaanza kukimbizana nayo, na dereva anahisi usukani umelegea ilhali hauna kosa.

Kwa gari la springi za majani, angalia yuboliti zinazofunga ekseli kwenye springi. Zikilegea utaona mstari wa chuma kinachong'aa pembeni ya sahani, na vumbi jekundu la kutu linalotoka kwenye maungio. Hiyo ni ekseli inayotembea. Angalia bolti ya katikati ya springi kama imekatika, na bushi za shakoli (kiungo kinachoning'iniza ncha ya springi). Kwa gari la springi za koili lenye ekseli ya kipande kimoja, kuna fito la upande linalozuia ekseli isihame kushoto na kulia. Simama pembeni, sukuma bodi kwa nguvu kutoka ubavuni, na mtu aangalie bushi za fito hilo. Kwa mengine ni bushi za mikono ya nyuma, na dalili yake ni ile ya kukanyaga mafuta na kuachia.

Shokapu zilizovuja hazileti ulegevu usukanini, ila gari linaelea baada ya kila tuta na upepo wa pembeni unalisukuma zaidi.

Angalia pia gari limesimamaje. Likiinuliwa nyuma kwa springi ndefu, pua inashuka na kasta inapungua. Kasta ni ule mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu kwenda nyuma, ndio unaonyoosha magurudumu yenyewe baada ya kona. Mzigo mzito nyuma ya ekseli ya nyuma huleta kuyumba kwa njia nyingine: unanyanyua uzito kutoka magurudumu ya mbele, na tairi haishiki.

Vipimo na kufunga

Mwelekeo wa matairi unaweza kuuangalia mwenyewe. Sukuma gari mbele mita kadhaa kwenye sakafu tambarare, usilirudishe nyuma. Weka alama ya chaki katikati ya kashata ya kila tairi la mbele, upande wa nyuma, usawa wa habu, na upime umbali kati ya alama hizo mbili. Sukuma mbele nusu mzunguko mpaka alama zilezile zije upande wa mbele, pima tena. Ukitumia alama zilezile, ringi iliyopinda haitakudanganya. Kwa magari mengi ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, mbele inatakiwa iwe pungufu kidogo kuliko nyuma, milimita moja mpaka tatu hivi, lakini kitabu cha gari lako ndicho kina neno la mwisho. Mbele ikiwa pana kuliko nyuma, kila tairi linataka kwenda njia yake, na kila shimo linampa mmoja wao ushindi. Gari la hivyo litayumba hata kama kila kiungo ni kipya.

Unapofunga bushi mpya za mpira, usikaze bolti zake gari likiwa linaning'inia. Zibane kwa mkono, shusha gari chini, litikise likae kwenye kimo chake, ndipo ukaze. Bushi iliyokazwa gurudumu likining'inia inabaki imesokotwa siku zote, na inachanika mapema. Kwenye nati ya tairodi, kama tundu la spliti pini (pini inayozuia nati isifunguke) halijalingana baada ya kukaza kwa kipimo, endelea kukaza mpaka lilingane. Usilegeze hata kidogo ili kulitafuta tundu. Spliti pini iliyokwisha kutumika usiirudishe, weka mpya.

Alaimenti iwe kazi ya mwisho, baada ya kila kinachocheza kubadilishwa, maana kiungo kilicholegea kitahama kutoka kwenye kipimo kabla hujafika nyumbani. Na ukiwa kwenye mashine, omba karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada, pamoja na kasta ya pande zote mbili na vya nyuma. Wengi hurekebisha mbele tu na kukabidhi ufunguo. Kasta ikiwa ndogo kuliko kipimo cha kiwanda kwa upande mmoja, kuna kitu kimepinda au bushi imekaa vibaya upande huo. Rudi chini ya gari hapo hapo, kabla hujalipokea.